Mfokaji Apimwe kwa Neno Lake, Si kwa Jeraha Lake

Kuna mjadala mmoja ambao haufi katika mji wa Garissa. Ukipita jioni penye kibanda cha chai, au ukiwasikiliza wanafunzi wanaposubiri chakula cha mchana chini ya mwarobaini, hutakosa kuusikia. Mjadala wenyewe unamhusu mfokaji K'naan, Msomali aliyezaliwa Mogadishu na kukulia Kanada, ambaye wimbo wake "Wavin' Flag" ulivuma dunia nzima wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2010. Wengi wa wanaobishana leo walikuwa watoto wachanga mwaka huo, na wengine hawakuwa wamezaliwa. Hata hivyo wanamtetea au kumshutumu kana kwamba jambo lenyewe limetukia jana. Je, ana kipawa cha kweli au alibahatika tu? Je, ni msanii halisi wa watu wake au ni bidhaa ya makampuni ya ng'ambo? Na je, umaarufu ulimkuza au ulimmaliza?

Wako walimu wanaoudharau mjadala huu na kuuita porojo za vijana. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na sikubaliani nao hata kidogo. Kijana anayebishana kuhusu mfokaji anafanya kazi ile ile tunayomtaka aifanye darasani tunapompa shairi la kuhakiki. Tofauti ni kwamba huku nje anaifanya kwa hiari yake, tena kwa moyo wake wote. Fauka ya hayo, kipimo anachomtumia K'naan ndicho anachojitumia yeye mwenyewe anapokaa usiku na kalamu yake. Kipimo kikiwa kibovu, kitamharibu mfokaji wa Garissa kabla hajamdhuru yule wa Kanada. Hapo ndipo penye hatari, na ndipo ninapotaka tupatazame leo.

Kwanza tumweke mtu huyu mahali pake. K'naan, ambaye jina lake kamili ni Keinan Abdi Warsame, alizaliwa mwaka 1978. Babu yake alikuwa mshairi, na shangazi yake, Magool, alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kike mashuhuri kabisa wa Somalia. Serikali ya Siad Barre ilipoporomoka mwaka 1991, yeye na mamaye na nduguze walikwisha kukimbilia Marekani, kisha wakahamia Toronto. Inajulikana kwamba sehemu ya Kiingereza chake alijifunza kwa kuyaiga maneno ya wafokaji wa Marekani kabla hajaelewa maana yake. Albamu yake ya mwaka 2005, "The Dusty Foot Philosopher", ilimpatia tuzo ya Juno nchini Kanada mwaka uliofuata. Mwaka 2009 akatoa "Troubadour", na humo ndimo ulimokuwa wimbo ambao dunia ingeujua baadaye. Mwenendo wake wa faragha sitauingilia, kwani mambo hayo yana waamuzi wake. Mezani petu tuweke maneno yake.

Wanaobishana wamegawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza linasema K'naan ni halisi kwa sababu ameiona vita. Wenzake wa Marekani, wasema hawa, huimba kuhusu bunduki walizoziona kwenye sinema. Yeye alizisikia zikilia mtaani kwao. Hoja hii hawakuitunga wao. K'naan mwenyewe, katika wimbo mmoja wa albamu ile ya 2005, aliwabeza wafokaji wanaojigamba kwa ukali wa vitongoji vyao, akawaonyesha jinsi Mogadishu ilivyokuwa. Kundi la pili linasema alikuwa halisi mpaka siku alipokubali wimbo wake ugeuzwe kuwa tangazo la kinywaji. Kundi la tatu halitaki maneno mengi: mtu ambaye wimbo wake umeimbwa viwanjani na mamilioni ya watu, ninyi mnaokaa kivulini mna haki gani ya kumkosoa?

Makundi haya yanapingana vikali, lakini ukiyatazama vizuri utaona kwamba yana ugonjwa mmoja. Hakuna linalouliza maneno yenyewe yamefumwaje. La kwanza linapima jeraha, la pili linapima fedha, na la tatu linahesabu vichwa. Shairi limeachwa nje ya mlango.

Chukua hoja ya jeraha. Kama mateso yangekuwa ndiyo kipawa, basi hakungekuwa na mahali penye washairi wengi kuliko Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa mwaka 1991 na 1992, kilomita zipatazo 100 kutoka hapa Garissa. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipowasukuma watu kuvuka mpaka kwa wingi, idadi ya waliokuwa humo ilipita 400,000. Kila mmoja wao alikuwa na kisa. Je, kila mmoja alikuwa mshairi? La hasha. Walikuwamo wafugaji, mafundi, wauzaji, walimu, na miongoni mwao washairi wachache, kama ilivyo katika jamii yoyote. Vita humpa mtu jambo la kusema. Havimpi namna ya kulisema. Anayedhani kwamba msiba hutunga beti peke yake hajawahi kukaa na karatasi tupu mbele yake.

La kusikitisha ni kwamba vijana wetu wanatafuta kipimo mbali ilhali kimo nyumbani mwao. Wengi wa wanafunzi wa Garissa, Wajir na Mandera ni wana wa jamii ambayo imeupima ushairi kwa ukali usio na kifani. Lugha ya Kisomali haikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972, lakini ushairi wake ulikuwa na sheria ngumu kabla ya hapo kwa muda mrefu. Katika gabay, ambao ndio utungo wenye heshima kubwa, kila nusu ya mshororo ni lazima iwe na neno linaloanza kwa sauti ile ile iliyochaguliwa. Mshairi akianza na sauti ya D, ataichukua sauti hiyo tangu mshororo wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama mishororo ni 100 au zaidi. Juu ya sharti hilo kuna urari wa silabi fupi na ndefu. Wanawake nao wana utungo wao, buraanbur, wenye mapigo yake na sheria zake. Sisi wa Kiswahili tunaojivunia vina na mizani hatuna budi kuvua kofia.

Isitoshe, desturi hiyo ina masharti mawili mengine yanayouhusu mjadala wetu moja kwa moja. Sharti la kwanza ni kwamba anayelighani shairi la mwingine huwajibika kumtaja aliyelitunga. Kulifanya lake ni wizi unaoaibisha. La pili ni kwamba halighani kwa kukisia, bali hujitahidi kulitoa neno kwa neno kama lilivyotungwa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba neno lina mwenyewe, na mwenyewe hawezi kulikana. Aliyesema jambo katika gabay atajibiwa kwa gabay, jina lake likitajwa, na pengine atajibiwa kwa miaka. Mlolongo wa mashairi uitwao Deelley, ulioanza mwaka 1979, uliwaunganisha washairi wengi waliojibizana kwa sauti hiyo hiyo ya D, huku kanda zikisafiri mkono kwa mkono. Miongoni mwao alikuwamo Hadraawi, aliyefariki mwaka 2022. Hadraawi alikuwa amekwisha kufungwa gerezani tangu mwaka 1973 hadi 1978 kwa ajili ya tungo zake. Lakini ukimwuliza mzee wa Garissa kwa nini anamheshimu, hataanza na gereza. Ataanza kughani.

Basi hicho ndicho kipimo. Nyanya wa mwanafunzi wangu, ambaye hajawahi kushika kalamu, akisikia utungo atauliza maswali matatu: umesimama juu ya sauti gani, umetungwa na nani, na unamwambia nani. Hataulizia kama mtungaji amewahi kupigwa risasi, wala kama amelipwa shilingi ngapi.

Sasa turudi kwa K'naan tukiwa na kipimo hicho mkononi, na tuanze na lile la fedha. Ni kweli kwamba "Wavin' Flag" una sura mbili. Wimbo wa kwanza, ule wa 2009, unazungumzia vita, umaskini, na watu wanaoahidiwa uhuru usiofika. Sura ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya matangazo ya Coca-Cola ya Kombe la Dunia. Vita vikaondolewa, shangwe ikaingia. Watu wengi wanadhani ndio uliokuwa wimbo rasmi wa mashindano yale, ingawa wimbo rasmi wa FIFA ulikuwa "Waka Waka" wa Shakira. Hata huko Kanada, kabla ya mashindano, wasanii wengi walikusanyika wakauimba tena ili kuwachangia waathiriwa wa tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010.

Je, huo ni usaliti? Mimi nasema hapana, na nitatoa sababu. Ushairi wa kuagizwa haukuanza jana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili anamjua, aliutumia ulimi wake kuwatetea Mazrui waliotawala mji ule, na hakuna anayemwondoa katika orodha ya magwiji kwa sababu hiyo. Watunzi wa taarabu huagizwa nyimbo za harusi kila wiki. Mtu aliyetunga maombolezo jana anaweza kutunga wimbo wa arusi leo bila kumkosea marehemu. Wimbo wa sherehe ni wimbo wa sherehe, na kila mtu anayeusikia anajua hivyo. Ule wa 2009 haukufutwa. Ungali upo, na anayetaka kuusikia atausikia. Wala wimbo ukishatoka mikononi mwa mtunzi haumtii daima. Hapa Kenya mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", wimbo wa vijana wawili waliokataa kutishwa na maisha, na muda si muda ukawa kaulimbiu ya wanasiasa wa NARC. Hatukusema kwamba vijana wale walikuwa wafokaji wabovu kwa sababu waheshimiwa waliucheza.

Lakini kuna jambo jingine, ambalo kundi la pili halilitaji ingawa lina uzito kuliko lile la kinywaji. Mwaka 2012 K'naan alitoa albamu nyingine, na mwezi Desemba mwaka huo huo akaandika makala katika gazeti la New York Times. Alieleza humo jinsi watu wa kampuni yake ya kurekodi walivyomfahamisha, kwa upole na kwa hesabu za biashara, kwamba wasikilizaji wa redio za Marekani hawangependa kusumbuliwa na habari za mbali. Hakuna aliyemwekea kisu shingoni. Alisikiliza, akaelewa, akaanza kujikata mwenyewe. Fatima, jina la msichana aliyemkumbuka katika wimbo wa mwaka 2009, katika maelezo yake aligeuka kuwa Mary. Akakumbusha hadithi ya Kisomali ya mbweha aliyekuwa na mwendo wa kupendeza, akatamani kuiga mwendo wa nabii, akashindwa, na alipotaka kuurudia mwendo wake akakuta ameusahau.

Tazama, msomaji, mahali kosa lilipo. Halimo katika fedha, kwa maana fedha alikwisha kuzipata mwaka 2010. Halimo katika lugha, kwa maana alifoka kwa Kiingereza tangu mwanzo na hakuna aliyemwona msaliti. Limo katika jina. Mshairi alikuwa na neno moja lililokuwa sahihi, akaliondoa, akaweka jingine kwa sababu ya sikio la mgeni ambaye hata hakuwa ameliomba waziwazi. Kwa kipimo cha gabay hilo ni kosa la ufundi kabla ya kuwa kosa la maadili. Ukibadilisha neno la mwanzo, umevunja sauti inayoushika mshororo mzima.

Watasema baadhi kwamba dawa ni kutoiendea kabisa hadhira ya mbali: mfokaji abaki mtaani kwake, aimbe lugha yake, awe safi. Watatupa mfano wa Waayaha Cusub, kundi la vijana wa Kisomali lililoanzishwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 2004, ambalo liliimba kwa Kisomali dhidi ya ukabila na dhidi ya wenye siasa kali. Kiongozi wao, Shiine Akhyaar Ali, alipigwa risasi mwaka 2007 akanusurika. Na mwaka 2013 walirudi Mogadishu kufanya tamasha la muziki. Watatupa pia mfano wa Kalamashaka wa Dandora, ambao mwaka 1997 walitoa "Tafsiri Hii" na kuwathibitishia Wakenya kwamba kufoka kwa Kiswahili kunawezekana, tena kunaweza kuuma. Mifano hii ni mizuri, nami nawaheshimu wote. Hata hivyo, hapa pia tusichanganye mambo. Ushujaa wa mtu aliyepigwa risasi unastahili heshima ya ushujaa. Beti zake zinastahili kusomwa kama beti. Tukisema shairi ni zuri kwa sababu mtunzi alijeruhiwa, tumelitukana shairi, na tumemwambia kijana anayefuata kwamba akitaka kusikilizwa, sharti kwanza amwage damu.

Naye anayedhani kwamba ukoo na nchi ya kuzaliwa humpa msanii idhini isiyohojiwa, akumbuke yaliyotukia Minneapolis. Ilipojulikana kwamba K'naan anaandaa tamthilia ya televisheni kwa kampuni ya HBO kuhusu Wasomali wa mji huo, na kwamba suala la vijana kuvutwa na makundi yenye silaha lingeguswa, baadhi ya wakazi wa mtaa wa Cedar-Riverside waliandamana kwenye tamasha lake, Septemba 2016. Waandamanaji wale walikuwa Wasomali wenzake. Hawakusema hana kipawa, wala hawakusema si Msomali. Waliuliza lile swali la tatu la nyanya: unamwambia nani habari zetu, na kwa nini ni hizi? Tamthilia ile haikufika hewani. Sisemi kwamba waandamanaji walikuwa na haki katika kila jambo. Msanii hawezi kuomba ruhusa kwa kila jirani. Nasema tu kwamba kipawa, asili, na haki ya kuwasemea wengine ni mambo matatu, na mtu anaweza kuwa na mawili akapungukiwa na la tatu.

Mambo haya yanatuhusu nini sisi huku ukingoni mwa Tana? Yanatuhusu sana. Kaunti ya Garissa imezoea kutembelewa na watu wenye kamera. Walikuja wakati wa njaa ya 2011. Walikuja baada ya tarehe 2 Aprili 2015, siku ambayo watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wanakuja na miradi ya amani, na miradi ya kuwazuia vijana wasipotoshwe, na mashindano ya kufoka na kughani yenye zawadi. Mengine kati ya hayo yamefanya kazi njema. Mwaka 2016, kwa mfano, mfokaji Octopizzo wa Nairobi alitoa albamu "Refugeenius" pamoja na wasanii wakimbizi kutoka Kakuma na Dadaab, na vijana waliokuwa wakihesabiwa kama takwimu wakasikika kwa sauti zao. Lakini katika mengi ya mashindano hayo ujumbe hutangulia shairi. Kijana huambiwa mada, kisha huambiwa machozi yaanguke wapi.

Nilipata kumfundisha mvulana mmoja aliyekuwa na sikio la ajabu. Alitunga kwa Kiswahili utungo wa kufoka kuhusu nyanya yake, ambaye kila alfajiri alipokea maziwa ya ngamia yaliyoletwa mjini kwa gari kutoka malishoni, akafungua mitungi iliyofukizwa moshi, akaonja tone moja kwenye kiganja, na hapo hapo akajua ni nani ametia maji. Kila mshororo ulikuwa na neno linaloanza kwa M: maziwa, moshi, mtungi, mkono, mwizi. Sikumfundisha mimi jambo hilo. Alilichukua katika buraanbur za nyumbani kwao, akalitia katika Kiswahili, na Kiswahili kikalikubali. Aliupeleka utungo huo mashindanoni akashindwa. Mmoja wa waamuzi aliuliza mbele ya hadhira kwa nini kijana wa Garissa hakugusia yaliyoipata Garissa. Mwaka uliofuata alirudi na utungo mwingine, unaohusu mlipuko ambao hakuuona, na rafiki aliyekufa ambaye hakuwahi kuwa naye. Akatuzwa. Nilipomwuliza kulikoni, aliinamisha kichwa akasema, "Mwalimu, ndivyo walivyotaka." Nikautafuta ule mpangilio wa M katika beti za pili. Haukuwamo.

Simlaumu. Nawalaumu watu wazima waliomfunza kwamba jeraha ni bidhaa. Na hapa ndipo mjadala wa vibandani unapoingia mlangoni mwa shule. Tunadhani kwamba anayedai uhalisi anailinda sanaa dhidi ya soko. Lakini uhalisi unaopimwa kwa wingi wa mateso ni soko lile lile lenye jina jingine. Huko Marekani mtu mzima aliambiwa apunguze Usomali wake ili apendwe, na Fatima akawa Mary. Huku kwetu mtoto aliambiwa aongeze msiba ili aonekane wa kweli, na maziwa yakawa mabomu. Mmoja aliondoa jina la kweli, mwingine akaongeza kifo cha uongo. Wote wawili waliyabadilisha maneno yao kwa ajili ya sikio la mgeni, na kwa hao wote ufundi ndio uliotoka kwanza.

Sijasema vijana wasitunge kuhusu vita wala kuhusu mwezi ule wa Aprili. Atakayetunga na atunge, na kama ana neno la haki, tutanyamaza tumsikilize. Wapo waliopoteza ndugu. Hao wana maombolezo ambayo hakuna anayeweza kuwanyang'anya. Ninachokataa ni kuufanya msiba kuwa kibali cha kuingilia ukumbini, ambacho asiye nacho hana budi kukighushi.

Walimu wenzangu, tunaweza kufanya nini? Kwanza, tuukaribishe mjadala wa wafokaji darasani, lakini tuutie nidhamu. Anayesema K'naan ni gwiji alete mishororo, aonyeshe sauti zilivyopangwa, taswira ilivyojengwa, na mahali pumzi inapokatika. Anayesema alijiuza naye alete nyimbo mbili, ule wa 2009 na ule wa 2010, azilinganishe neno kwa neno. Baada ya saa moja ya kazi hiyo makelele yatapungua, na kilichobaki kitakuwa uhakiki. Hata ule ugomvi mkubwa wa washairi wa Kiswahili, uliozuka Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974 na kutupilia mbali vina na mizani, ulitufaidi kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na maandishi mbele yao.

Pili, tuyaingize mashairi ya nyumbani katika kipindi cha fasihi simulizi. Mwanafunzi wa Garissa anapofunzwa aina za nyimbo kwa mifano ya makabila ya mbali tu, hudhani kwao hakuna kitu. Tumwagize amwendee nyanya yake, asikilize buraanbur moja, aliandike jina la mtunzi kama desturi inavyodai, kisha atueleze kwa Kiswahili sheria zake. Kiswahili hakitapungukiwa. Lugha hii imekula chumvi nyingi na imepokea mengi kutoka kwa majirani.

Tatu, tunapoalikwa kuwa waamuzi wa mashindano, tuyakatae maswali yanayomtaka mtoto athibitishe uchungu wake. Tumwulize yale matatu ya nyanya: umesimama juu ya sauti gani, umetungwa na nani, unamwambia nani.

Nanyi wanafunzi, endeleeni kubishana. Msikubali kunyamazishwa na anayewaambia kwamba mtu aliyepata umaarufu hakosolewi, wala na anayesema kwamba aliyepata umaarufu lazima ameuza kitu. Kuna waliovuma kwa maneno mazito na kuna waliovuma kwa maneno matupu; kuna wasiojulikana nje ya mtaa wao kwa sababu dunia haijawasikia, na kuna wasiojulikana kwa sababu hawana la kusikiwa. Soko halitawatenganishia hao. Risasi haitawatenganishia. Kitakachowatenganisha ni sikio lililofunzwa, na kazi ya kulifunza ni yetu sisi tunaoshika chaki.

Maana kesho atasimama mbele yako mtoto mwingine mwenye utungo kuhusu maziwa. Hautakuwa na mlipuko wala mkimbizi, ila kila mshororo utakuwa umeshikwa na sauti moja kama mitungi iliyofungwa kwa kamba moja. Usimwulize yuko wapi msiba. Mpe alama anazostahili, na uzitoe mbele ya wenzake, ili wote wasikie kwa nini amezipata.